Faida ndogo za nyumbani zinastahili kuhesabiwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake, iliyochapishwa hivi karibuni, ilidai kwamba kuweka akiba banki kwa riba ya asilimia 3 ni kupoteza wakati, na kwamba mtu anayejitengenezea bomba lake ili aokoe faranga elfu chache hajui thamani ya saa zake. Nimeisoma barua hiyo kwa makini, na baadhi ya hesabu zake nazikubali. Hata hivyo, ninaamini kwa dhati kwamba ushauri wake utawaumiza watu wa Lubumbashi, hasa sisi wa mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, ambao kipato chetu huingia kidogo kidogo na hutoka vivyo hivyo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama hapa Katuba, na kazi hiyo hunifanya nione kila juma mahali fedha ndogo zinapopatikana na mahali zinapopotelea.

Dharau tuliyo nayo kwa akiba ndogo ina historia, na si haki kuwalaumu watu bila kuitaja. Wazazi wetu waliweka fedha zao katika zaïre, sarafu ambayo ilipoanza kutumika mwaka 1967, moja yake ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaïre 5 na 10 zimefutwa, na wenye nazo wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka; wengi waliokuwa wameficha fedha nyumbani, hasa watu wa vijijini waliopata habari wakiwa wamechelewa, walibaki na karatasi mikononi. Mwaka 1993 zaïre za zamani milioni 3 zilibadilishwa kwa zaïre mpya moja, na mwaka 1998 zaïre mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo, maana yake faranga hiyo moja ilichukua nafasi ya zaïre za zamani bilioni 300. Aliyekuwa na kitabu cha akiba katika miaka hiyo aliona fedha alizozikusanya tangu ujana zikishindwa kununua hata meka moja ya unga. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, akisikia kila siku kwamba fedha ni ya kutumiwa kabla haijaoza, hakukosa akili alipoamini hivyo.

Matengenezo nayo yana historia yake katika mji huu. Katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 katika kambi za kampuni ambayo leo tunaiita Gécamines, mfanyakazi alipewa nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali, na nyumba ilipoharibika kampuni ndiyo iliyotuma mafundi wake. Baba yangu alijua kufungua na kufunga mashine nzito kazini, lakini nyumbani hakugusa bomba, kwa sababu bomba halikuwa lake. Kampuni ilidhoofika sana baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kwa hiari baada ya kulipwa kwa mkupuo mmoja. Mabomba, mabati na nyaya vikawa mzigo wetu wenyewe, ila desturi ya kuvitunza haikuja pamoja navyo. Ni kweli kwamba mafundi hodari wa mitaa yetu walitoka katika karakana hizo, na wengi wao wamewafundisha vijana kazi kwa moyo mkunjufu. Ninachosema ni kwamba nyumba nyingi bado humngoja mtu wa kuja kutengeneza kile ambacho mikono ya humo ndani ingeweza.

Sasa tuje kwenye hesabu ya msomaji mwenzangu. Tuseme mtu anaweka dola 10 kila mwanzo wa mwezi katika konti ya akiba inayolipa asilimia 3 kwa mwaka. Dola za mwezi wa kwanza hufanya kazi miezi 12, za mwezi wa mwisho hufanya kazi mwezi mmoja tu, na mwaka ukiisha atakuwa na dola 120 alizoweka pamoja na riba inayokaribia dola 2. Hizo dola 2 ndizo zilizodharauliwa katika barua ile. Mimi nasema zina maana, kwa sababu ni fedha iliyokuja bila mtu kuibebea kitu kichwani, lakini nakiri kwamba zina adui anayestahili kutajwa kabla yao, naye ni ada. Banki ikikukata dola 1 kila mwezi kwa ajili ya kutunza konti, mwaka mzima utakuwa umelipa dola 12 ili upate 2, na bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo faida ya kwanza ya mwenye akiba ndogo, iliyo kubwa mara sita kuliko riba yenyewe katika mfano huu, hupatikana siku anapouliza dirishani kama kuna konti ya akiba isiyokatwa ada ya mwezi, na kuhamia huko. Swali hilo halilipiwi, wala halihitaji diploma, na bado watu wengi ninaokutana nao hawajawahi kuliuliza kwa sababu wanaona haya mbele ya karani aliyevaa tai.

Kuna swali la pili ambalo ni muhimu vilevile: riba huhesabiwa juu ya fedha ipi? Zipo konti ambazo riba yake hufuata salio la kila siku, na zipo nyingine ambazo hutazama salio dogo kabisa la mwezi. Katika aina hii ya pili, mtu mwenye dola 300 akitoa 200 tarehe 28 na kuzirudisha tarehe 2, atalipwa riba ya salio la dola 100 tu kwa mwezi ule, ingawa fedha zake zililala banki karibu mwezi mzima. Anayeijua kanuni hiyo husubiri mwezi uishe ndipo atoe, na huweka fedha zake mwanzoni mwa mwezi badala ya katikati. Hakuna siri yoyote hapa, ila maelezo yenyewe huwa yamezikwa katika mkataba wa Kifaransa wenye herufi ndogo, na jambo hilo nitalirudia nikifika kwenye maombi yangu.

Kwa aliye na kiasi kikubwa kidogo kinachosubiri kazi fulani, hesabu hubadilika zaidi. Wapo kati yetu wanaotunza dola 500 ndani ya sanduku la bati, wakingoja wakati wa kununua matofali ya kuchoma au kumalizia malipo ya kiwanja. Fedha hizo zikiwekwa kama amana ya muda maalumu kwa asilimia 4, mwaka mmoja huleta dola 20, na zikiachwa miaka 5 pamoja na riba yake bila kuguswa hufikia dola 608. Ukitaka kujua kwa haraka amana itachukua muda gani kuongezeka mara mbili, gawanya 72 kwa kiwango cha riba: kwa asilimia 4 ni miaka 18, kwa asilimia 3 ni miaka 24. Ni muda mrefu, sikatai, na hakuna atakayetajirika kwa njia hiyo. Lakini dola 20 ni sehemu ya minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto wa sekondari, na zile 500 zilizobaki sandukuni zingemletea mwenyewe hofu ya wezi na si kitu kingine. Sharti la kukumbuka ni kwamba anayeivunja amana kabla ya muda wake kwa kawaida hupoteza riba, yote au sehemu yake, kwa hiyo fedha ya ugonjwa na ya msiba haifai kufungiwa humo.

Katika mji wetu sanduku lina hatari nyingine ambayo mgeni hawezi kuielewa upesi. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni, au yenye doa la wino, au iliyolegea kwa unyevu wa masika, hukataliwa sokoni, na wabadilisha fedha wakikubali kuipokea huipunguzia thamani. Panya akipitisha meno mara moja katika bunda lililofichwa chini ya godoro, ametafuna riba ya miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo mimi huhesabu usalama wa noti kuwa sehemu ya faida ya konti, hata pale riba inapokuwa karibu na sifuri, mradi mwenye konti akumbuke kuzikagua noti moja moja anapozipokea dirishani, kabla hajaondoka.

Kuhusu kuchagua dola au faranga, sitaki kujifanya mtabiri. Mwaka 2023 faranga ilishuka kwa kasi, hata Banki Kuu ya Kongo ikapandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25 mwezi wa Agosti. Mwaka 2025 ulipokuwa unakaribia mwisho, dola nayo ikashuka mbele ya faranga, na waliokuwa na dola pekee wakashangaa kuona zinanunua kidogo. Kanuni tunayoifuata kikundini ni ya kawaida kabisa: akiba ya matumizi ya miezi michache hukaa katika sarafu tutakayolipia, na ile ya miaka hugawanywa.

Hapa inafaa niseme neno kuhusu vikundi vyenyewe, maana kwa wengi wetu banki iko mbali na kikundi kiko jirani. Likelemba tunaijua sote: kila mmoja hutoa kiasi kilekile na mmoja huchukua chote kwa zamu. Ni njia nzuri ya kujilazimisha, lakini haizai riba, na anayepokea mwisho huwa amewakopesha wenzake wote bila malipo. Vikundi vya AVEC, yaani jumuiya za kijijini za akiba na mikopo, hufanya tofauti. Mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na umeenea katika sehemu nyingi za Afrika: wanachama hukutana kila juma, kila mmoja hununua hisa kuanzia 1 hadi 5, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli 3 ambazo funguo zake zimeshikwa na watu 3 tofauti, mwanachama hukopa na kulipa ziada kidogo, na baada ya miezi 9 hadi 12 kila kitu hugawanywa kulingana na hisa. Mgao huo huwa mkubwa kuliko riba ya banki, na watu hushangilia. Mimi huwakumbusha kwamba ziada hiyo imetoka katika mifuko yetu wenyewe, imelipwa na mama mwenzetu aliyekopa kwa ajili ya mtaji wa samaki au dawa ya mtoto, kwa hiyo hatuwezi kuipandisha ovyo kwa tamaa ya mgao mnono. Kikundi kinachomnyonya mkopaji wake kitavunjika kabla ya mwaka kwisha.

Sasa niingie katika matengenezo, ambako ndiko msomaji mwenzangu alikosea zaidi. Chukua bomba linalodondosha tone moja kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, na kwa kuwa matone elfu 4 hivi hujaza lita moja, bomba hilo hupoteza lita 20 na ushei kwa siku, yaani bido nzima ya manjano, ileile ambayo watoto wetu huibeba kichwani pale maji yanapokatika. Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kulikaza bomba kwa nguvu zaidi kila siku, na kwa kufanya hivyo huzidi kuliumiza. Mara nyingi kilicholika ni kipira cha mviringo kilicho ndani, kidogo kiasi cha kukaa juu ya ncha ya kidole gumba. Funga maji ya nyumba nzima, acha bomba wazi ili yaliyobaki yatoke, kisha fungua kichwa chake kwa spana, ukizungusha kinyume na mishale ya saa. Toa kipira cha zamani na ukipeleke dukani mkononi mwako ili upewe kinacholingana nacho, kwa maana vipimo hutofautiana na maelezo ya mdomo hayatoshi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole juu ya ukingo wa shaba ambao kipira hukalia: ukiwa laini, kazi yako itadumu, ukihisi mikwaruzo, kipira kipya nacho kitaliwa upesi, na hapo ndipo fundi anastahili kuitwa na kulipwa bila manung'uniko.

Mfano wa pili ni zipu ya mfuko wa shule, ambao kila Septemba huwagharimu wazazi fedha zisizo za lazima. Zipu inapofungwa mbele ikaachana nyuma, watu husema imekufa na kununua mfuko mpya. Ukitazama kwa karibu utaona meno ni mazima. Kilichoharibika ni kichwa chake, ambacho kimepanuka kwa matumizi na hakiwezi tena kubana meno ya pande mbili pamoja. Kirudishe mpaka mwanzo wa zipu, kisha kwa koleo ukibane taratibu sehemu ya nyuma, upande mmoja halafu wa pili, kidogo sana, huku ukijaribu kila baada ya mbano, kwa kuwa kikizidishwa hupasuka. Baadaye pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno ili kichwa kiteleze. Kazi hiyo huisha kabla hata maji ya chai hayajachemka.

Mbabula, jiko letu la bati, ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu makala, yaani makaa ya kupikia, yanakula fedha za nyumba kila siku, na bei yake hupanda masika yanapoharibu barabara za porini. Mbabula ya bati tupu hutoa moto mwingi pembeni, mahali ambapo hakuna chungu. Mji wetu umezungukwa na vichuguu vikubwa ambavyo udongo wake tunaufyatulia matofali. Udongo huohuo, ukitwangwa, ukachekechwa, ukachanganywa na majivu kidogo na maji, unaweza kusiribwa ndani ya mbabula kwa unene wa vidole viwili, huku matundu ya chini yakiachwa wazi ili hewa ipite. Siri ni subira: uache ukauke kivulini siku kadhaa, kisha moto wa kwanza uwe mdogo, la sivyo utapasuka. Ukipata ufa mwembamba baadaye, uzibe kwa udongo uleule jioni moto ukishazimika. Nimeona wenyewe wa nyumba wakipika bukari (ugali) na kuweka maharagwe juu ya makala yaleyale yaliyobaki, jambo ambalo hapo awali halikuwezekana.

Bati linalovuja lishughulikiwe kabla ya mvua za Novemba, si baada yake. Maji mengi hupenya kwenye misumari, pale kipira chake kilipokauka na kupasuka kwa jua la kiangazi. Kipande cha kitambaa kilicholoweshwa kwa lami na kubandikwa juu ya msumari huziba vizuri. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao, na asipande peke yake. Friji nayo ina jaribio lake rahisi: funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute, kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea au umechafuka, na mara nyingi maji ya moto na sabuni huurejesha.

Sitaki mtu yeyote aumie kwa sababu ya barua hii. Mita ya umeme, nyaya za SNEL (shirika la umeme la taifa), breki za gari na pikipiki, na kisima si mahali pa kujaribia. Kifaa cha umeme kisifunguliwe kikiwa kimechomekwa, hata kama umeme umekatika mtaa mzima, kwa kuwa unaweza kurudi wakati wowote, na ukirudi mara nyingi huja na nguvu isiyo ya kawaida. Kuchomoa friji na televisheni pale umeme unapokatika, na kungoja dakika kadhaa baada ya kurudi, ni tengenezo bora kuliko yote, maana huzuia hasara kabla haijatokea.

Msomaji mwenzangu aliuliza saa moja ya mtu ina thamani gani. Ni swali la haki kwa anayelipwa kwa saa. Lakini mama anayeuza mboga soko la Kenya, akisharudi nyumbani jioni, hana mtu wa kuinunua saa yake, wala kijana wake aliyemaliza masomo akakosa kazi. Wengine wameniuliza kama hatuwanyang'anyi mafundi mkate wao. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa mafundi hao ni baba na kaka zetu. Nionavyo, nyumba iliyookoa fedha ya kipira ndiyo itakayoweza kumlipa fundi kwa kazi kubwa ya paa au ya bomba lililooza ukutani, kazi ambayo leo huahirishwa mpaka nyumba ianguke kwa kukosa fedha.

Na hapa ndipo riba na bisibisi zinapokutana, jambo lililonifanya hasa nishike kalamu. Fedha ambayo haikutoka mfukoni bado haijawa akiba. Inabaki imechanganyika na nyingine, na kesho yake imekwisha kwa vocha ya simu au soda. Tuseme fundi angetaka faranga 8,000 na kipira kimegharimu 1,000: zile 7,000 lazima zihamishwe siku ileile, zikiwa bado zina jina. Katika daftari la kikundi chetu tumeongeza safu moja inayoitwa matengenezo. Mwanachama aliyejitengenezea kitu huandikwa kile ambacho fundi angelipwa, hutoa gharama ya kifaa, na tofauti yake huiweka kama hisa juma hilo. Kwa fedha za faini za wachelewaji tulinunua spana, koleo, nyundo na seti ya bisibisi, vinavyoazimwa kwa sahihi. Tangu tuanze utaratibu huo, wanachama waliokuwa wakinunua hisa moja kwa shida wameanza kununua mbili, na hakuna aliyeongezewa mshahara.

Kwa hiyo ninaleta maombi yangu, Mheshimiwa Mhariri. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza, inaitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na inaiagiza serikali iziendeleze. Ninaziomba banki na vyama vya akiba na mikopo vinavyofanya kazi Lubumbashi vibandike dirishani, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mambo manne: riba ya mwaka, ada zote, kiwango cha chini cha salio, na salio linalotumiwa kuhesabia riba. Waongeze mstari mmoja unaoonyesha mtu aliyeweka dola 10 kila mwezi atabaki na kiasi gani mwisho wa mwaka baada ya ada zote. Banki isiyotaka kuandika mstari huo itakuwa imetujibu.

Ninaliomba gazeti lako lichapishe jedwali la namna hiyo kila baada ya miezi 3, likilinganisha banki zote za mji bila kuipendelea yoyote, hata zile zinazotangaza biashara zao katika kurasa zenu. Ninawaomba pia wakuu wa shule waipe kazi ya mikono saa zake halisi katika ratiba, kwa wasichana na wavulana sawasawa, badala ya kuiandika kwenye karatasi na kuifuta kwa ajili ya marudio ya mitihani.

Mwisho, ninaomba nusu ukurasa kila mwezi kwa ajili ya tengenezo moja la nyumbani, likielezwa na fundi mwenye uzoefu, pamoja na picha na bei za vifaa kama zilivyo madukani juma hilo. Ingefaa ianze na toleo la Septemba, likihusu misumari ya bati, ili wasomaji wapate majuma kadhaa ya ukavu ya kupanda juu ya nyumba zao. Mafundi wawili wa mtaa wetu wamekubali kueleza bila malipo, na daftari letu la matengenezo liko wazi kwa mwandishi wenu yeyote atakayependa kuja kulikagua Jumamosi alasiri, wakati kikundi kinapokutana.

Wako mwaminifu,

Mweka hazina wa kikundi cha akiba,
Katuba, Lubumbashi